Nahodha Anatafuta Neno

Jumatatu, 3 Machi

Tumerudi nyumbani kutoka hospitali. Nahodha, mke wangu, amelala chumba cha mbele, kile cha wageni, maana mlango wake ni mpana na kiti cha magurudumu kinapita. Mkono wa kulia hausikii. Mguu wa kulia unasikia kidogo, kama mtoto mkaidi — unaitwa, unaitwa, ndipo unasogea. Mdomo umekwenda upande. Maneno hayatoki. Daktari anasema kiharusi hakikuyafuta, yamo yote kichwani, ila njia ya kutokea imeziba.

Mimi ni kinyozi. Asubuhi hadi jioni kazi yangu ni mkasi na maneno. Leo nimekaa kando ya kitanda cha mke wangu, nisijue nianzie wapi. Nikamwambia mvua inataka kunyesha. Akanitazama. Nje jua kali.

Ndiyo maana naandika. Simwandikii mtu. Nisipoyamwaga mahali yatanikaba.

Binti yetu ameomba ruhusa shuleni kwake, anafundisha mji wa mbali. Amekwisha panga dawa dirishani, amefua mashuka, amegombana na bomba la jikoni. Ana mikono ya mama yake — haijui kutulia.

Jumatano, 5 Machi

Amekuja mtaalamu wa matamshi. Mwanamke mrefu, sauti ya chini, hana haraka na mtu. Akamwonyesha Nahodha picha: kikombe, ufunguo, ndege. Nahodha akajaribu kikombe. Ikatoka "ki—". Ikarudi tena "ki—". Jasho linamtoka. Nikasema, "Kikombe." Nilidhani nasaidia.

Mtaalamu akanivuta jikoni. Akanieleza taratibu kwamba kila ninapomalizia neno lake namnyang'anya. Ningoje. Hata likichelewa. Nikamwambia, dada, kwenye kiti changu kimya kikizidi mteja hudhani nimemkata sikio. Akacheka, lakini hakurudi nyuma.

Kisha akanipa kazi. Kila siku nimsimulie mke wangu maisha yake mwenyewe. Hoki, ndoa, ofisi, watu. Anayoyajua vizuri, ili maneno yapate pa kushika. Kusimulia naweza. Labda ndilo pekee ninaloliweza humu ndani.

Jioni majirani walikuja kumjulia hali. Nahodha akatikisa kichwa, akavuta shuka mpaka puani. Hataki mtu amwone mdomo. Nikawaambia amelala. Wakaacha kikapu cha matunda mlangoni, wakaondoka kwa kunyata kama watu waliotoka msibani. Hilo likaniuma kuliko yote ya leo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeanza na sisi wawili, maana hapo ndipo ninapopajua.

Duka langu lilikuwa la wanaume tu. Mchana mmoja akaingia msichana amevaa suti ya michezo, vumbi hadi magotini, gongo la hoki limechomoza kwenye begi. Hakubisha, hakuuliza zamu ya nani. Akakaa. "Toa zote hizi. Zinaniingia machoni nikikimbia." Mzee mmoja akakunja gazeti lake ili aone vizuri. Nikauliza, mama yako anajua? Akasema, "Mama ndiye aliyenituma. Amechoka kunisuka."

Nikanyoa. Polepole. Kwa makusudi polepole.

Wiki iliyofuata akarudi kulalamika kwamba kisogo hakiko sawa. Kilikuwa sawa! Nilikinyoa kwa mikono yangu, nakijua. Nikakirekebisha hivyo hivyo. Wiki iliyofuata tena hakiko sawa.

Nilipofika hapo leo, bega lake la kushoto lilitikisika. Amegeukia ukutani, sikuona uso. Kucheka au kulia, sijui.

Jumapili, 9 Machi

Lazima niandike upesi kabla sijasahau hata kipande.

Nimemsimulia nusu fainali. Nilikuwapo siku ile, nimeshika uzio. Timu ya taifa, yeye nahodha, magoli ni moja kwa moja, dakika zinakwisha, tumepata kona fupi, ile adhabu ya hoki inayopigwa karibu na goli. Nikamsimulia kama ninavyowasimulia wateja: mvua inamwagika, uwanja umekuwa bwawa, kidole kimevunjika lakini hataki kutoka. Akapokea mpira. Akampita beki wa kwanza, wa pili, wa tatu. Dukani kila mwaka huwa naongeza beki mmoja, kwa hiyo safari ni ndefu. Nikafika beki ambaye hata timu yenyewe haikuwa naye.

Kutoka kitandani: "Mwo—"

Nikanyamaza. Nikauma ulimi. Neno lilikuwa limenijaa mdomoni, nikalimeza.

"Mwo... ngo."

Neno la kwanza tangu aanguke. Si jina langu, si maji, si Mungu wangu. Mwongo.

Binti akaja mbio na povu la sabuni mikononi. "Mama amesema nini? Baba, amesema nini?"

Nikamwambia, "Amenitambua."

Jumanne, 18 Machi

Siku mbaya zilikuwa nyingi kuliko nzuri, sikuwa na moyo wa kuandika. Ana maneno machache. Mwongo, hapana, maji, toka. "Toka" nimepewa sana. Juzi alitupa kijiko ukutani. Mazoezi ya mguu hataki. Mtaalamu wa matamshi anasema hasira ni dalili ya uhai. Mimi nimefuta uji ukutani.

Leo Kipa kaja. Huyu ndiye aliyekaa golini miaka yote ya Nahodha. Siku hizi anauza vitambaa, amenenepa, magoti yamemchakaa, anatembea kama anayebeba kabati. Nahodha alipoisikia sauti yake ukumbini akasema, "Hapana." Wazi kabisa.

Kipa akajibu kutoka ukumbini, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimeshakuja. Sehemu iliyobaki ni yako." Akaingia.

Hakusema pole. Alipandisha sketi akamwonyesha magoti. Yamevimba kama mapapai. "Unaona? Wewe umeharibika upande mmoja tu. Unaringa nini?"

Akasikia kwamba ninasimulia nusu fainali. Akaomba asikie. Nikasimulia, nikapunguza mabeki. Kipa akanitazama kama hakimu. Akasema mvua haikuwapo. Kidole hakikuvunjika, ukucha ndio uling'oka. Na goli — shemeji, goli halikuwa la Nahodha! Yeye alikuwa na nafasi ya kupiga, mabeki wote wamemfuata yeye, akampa mwenzake wa kushoto, msichana mdogo aliyekuwa hajawahi kufunga. Mpira ukamgonga yule msichana gongo, ukababatiza nguzo, ukaingia.

"Ndiyo," Nahodha akasema. Neno jipya. "Ndiyo. Ndiyo."

Maisha yangu yote dukani nimempa mke wangu goli. Na yeye amekuwa akinisikia nikijigamba, anaacha tu.

Kipa akasimulia na fainali, ile ambayo mimi huwa naikwepa. Walipigwa. Na goti la Nahodha likapinda vibaya, likasikika hadi golini. Chumba cha kubadilishia nguo wenzake wakaoga, wakaondoka. Yeye amekaa na viatu vyake vya mpira, hataki mtu amvue. Alikuwa amekwisha jua hatacheza tena. Kipa akakaa naye kwenye benchi mpaka mlinzi akaja kufunga, kisha akambeba mgongoni hadi kwenye basi.

"Leo nikikubeba tutakufa wote wawili," Kipa akamwambia. "Kwa hiyo utatembea mwenyewe."

Alipoaga, akamshika shavu, upande ule ule uliolegea. Nahodha hakujificha.

Jumamosi, 22 Machi

Ameruhusu mguu ufanyiwe mazoezi. Anatukana kwa macho, lakini anafanya.

Nimemsimulia jinsi alivyoingia kazi ya ustawi wa jamii. Ninavyoijua mimi ni hivi. Goti lilipokataa kabisa, alikaa nyumbani muda mrefu, mkali kama pilipili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi — nilimwambia siku moja, akanirushia mto. Baadaye wakampa timu ya wasichana aifundishe, uwanja ule nyuma ya kinu cha unga. Alikuwapo mmoja tukimwita Mshale kwa mbio zake. Mshale akaacha kuja mazoezini. Wengine wakasema mvivu, wengine wakasema ni kwa ajili ya mvulana. Nahodha akachukua gongo lake akaenda kwao. Akarudi jioni, amelowa maji hadi kifuani, hana gongo. Akala bila kusema. Kisha akasema anataka kurudi shule, asomee ustawi wa jamii. Na goti bovu, na mtoto mgongoni, na mume kinyozi.

Alisoma. Amefanya kazi ile hadi majuzi alipoanguka, kwenye korido ya ofisi, simu mkononi.

Nikamwuliza, siku ile kwa kina Mshale ulifanya nini? Hukuniambia hata mara moja. Akatafuta neno muda mrefu. Likakataa. Akapiga godoro kwa mkono mzima, akafumba macho.

Alhamisi, 27 Machi

Nilimpigia simu Mshale. Ana gereji yake sasa, mafundi wanamwogopa. Akafika na ovaroli, mikono ina grisi, hakuomba radhi. Jambo la kwanza akainama chini ya kiti cha magurudumu. Gurudumu la kushoto lilikuwa linalia kama paka, tulishalizoea. Akalikaza. Kimya.

Ndipo akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akamsimulia Nahodha — si mimi — siku ile.

Mama yake alikuwa mgonjwa wa kutoinuka. Baba hayupo. Wadogo zake wadogo kabisa. Vyombo vimejaa hadi chini ya meza, nguo zimelowekwa zimenuka. Mshale aliposikia hodi akajua kocha amekuja kumgombeza. Akafungua, akaliona gongo. Akafikiri atapigwa.

"Hukuuliza kitu," akasema. "Uliliegemeza gongo mlangoni, ukakunja mikono ya shati ukaosha vyombo. Vyote. Mimi nimesimama tu. Ulipomaliza ukaanza nguo. Ulipofika kwenye nguo za mama nikaanza kusema mwenyewe. Hukuniuliza. Ningeulizwa ningedanganya."

Na gongo? Mdogo wake wa mwisho alikuwa amelikamata, anachezea. Nahodha akamwachia.

Baada ya hapo akawahangaikia. Mama akapata kitanda hospitali, shangazi akatafutwa akapatikana, watoto hawakutawanywa. Miezi. Mimi nilikuwa najua anachelewa kurudi, basi.

Nahodha alikuwa analia, ila uso uko wazi, hajajifunika. Akanyoosha mkono wa kushoto. Mshale akaangalia mikono yake yenye grisi, akasita. Nahodha akaukamata hivyo hivyo.

"U... na... ki... mbia?" akauliza.

Nilingoja kila kipande. Kila kimoja! Mshale naye alingoja, hakuna aliyemfundisha.

"Nakimbia, kocha. Kila asubuhi. Nimenenepa kidogo lakini nakimbia."

Shuka jeupe lina alama ya vidole vya grisi. Binti alitaka kulifua. Nahodha akasema toka.

Jumapili, 6 Aprili

Amesimama. Ameshika kitanda, akaniangalia, akaachia. Akakaa tena. Lakini alisimama.

Halafu akaonyesha nywele zake. Tangu hospitali zimeota upande upande kama shamba la mvivu. Nikamtoa barazani, mchana kweupe, mtaa mzima unapita. Ni yeye aliyetaka barazani. Nikamfunga kitambaa shingoni. Watu wakasalimia, akawapungia mkono wa kushoto. Mmoja akasimama kumwambia pole kwa sauti kubwa kama anaongea na kiziwi. Nahodha akamjibu, "Nasi... kia."

Nimenyoa vichwa visivyo na idadi, hiki kimoja bado nakinyoa polepole, kwa makusudi.

Nilipomaliza nikamshikia kioo. Akajipapasa nyuma, polepole. Akakunja uso.

"Ki... so... go."

Nikamwambia kiko sawa.

"Mwongo."

Jumatatu, 14 Aprili

Amekwenda na fimbo hadi mlango wa nyuma na kurudi. Mtaalamu wa matamshi amefurahi. Maneno sasa ni mengi, yanakuja kwa vipande, mengine yanakuja si yenyewe — leo ameomba chumvi akasema "refa". Tukacheka wote, yeye kwanza. Chakula kilikuwa kimepooza kweli, kilihitaji refa.

Binti ataondoka mwisho wa mwezi. Ana wasiwasi. Sioni usingizi wake ukimtosha.

Jumatano, 23 Aprili

Mchana amekuja mwanamke anayekaimu nafasi ya Nahodha ofisini. Namwita Mwenye Mkoba kwa sababu mkoba wake ni mkubwa kumshinda mwenyewe. Amezoea kuja kusalimia. Leo hakuja kusalimia, ilionekana tangu alipokataa chai.

Kuna mama kijana, mtaa wa pili kutoka sokoni, ghorofa ya tatu. Amejifungia na mtoto mchanga. Mume aliondoka kabla mtoto hajazaliwa, ndugu wako mbali. Tangu wikendi hafungui. Si kwa majirani, si kwa nesi wa kliniki, si kwa ofisi. Anashusha kikapu kwa kamba dirishani, mwenye duka anamtilia maziwa na mkate. Mtoto analia, halafu ananyamaza, halafu analia. Mwenye Mkoba amesimama pale mlangoni siku tatu. Ameeleza haki zake, ameeleza huduma zilizopo, ameomba, amebembeleza. Hakuna jibu, hata kikohozi. Bosi wake amesema kesho adhuhuri polisi wavunje mlango.

"Mtoto bado anakula, kwa hiyo nimepewa mpaka kesho," akasema. "Lakini dada, tukivunja ule mlango tutamvunja na yeye. Wewe ungemwambia nini?"

Nahodha alifikiri. Akatafuta. Mwenye Mkoba akaanza kumsaidia, ungemwambia hivi, ungemwambia vile? Nikamtikisia kichwa, akaacha.

"Viatu," Nahodha akasema.

Mwenye Mkoba hakuelewa. Mimi nilielewa. Binti yetu alielewa zaidi, akaweka chini sufuria. "Hapana, mama. Ghorofa ya tatu? Wewe ni mgonjwa. Baba, mwambie."

Nahodha akamtazama mtoto wake, bila ukali. "Mgonjwa," akakubali. Akapumua. "Si... mfu."

Binti akatoka nje akasimama karibu na tangi la maji. Nikamfuata. Akaniuliza, akianguka kwenye ngazi? Nikamwambia nitakuwa nyuma yake. Je, maneno yakikataa pale, mbele ya watu, akarudi kwenye shuka lake? Nikamwonyesha viatu vya mama yake pale mlango wa nyuma, nikarudi ndani.

Aliporudi ndani alikuwa ameshika viatu vyeusi vya mama yake. Amevifuta kwa upindo wa gauni.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, karatasi gotini. Nimeagizwa nisikae karibu. Mwenye Mkoba yuko nami, mkoba mapajani, simu ya bosi inatetemeka ndani anaiacha.

Kupanda kulichukua asubuhi nzima. Fimbo, mguu mzima, mguu mkaidi. Pumzika. Nyuma yake mimi nimefungua mikono kama kipa. Jirani mmoja akatoa kiti, Nahodha akakaa ubavuni mwa mlango, si mbele yake. Akahema kwa muda mrefu, kwa sauti, hakuficha. Nadhani aliye ndani aliisikia ile pumzi kabla ya yote.

Halafu: "Mimi... si... si po... lisi."

Ilimchukua karne. Mwenye Mkoba akanishika mkono bila kujua.

Mtoto ndani akapiga chafya.

"Nime... kaa. Ngazi... nyi... ngi."

Kisha sauti, nyembamba, karibu sana na mbao — kumbe alikuwa amekaa pale pale upande wa pili. Neno lake la kwanza kwa mtu yeyote tangu wikendi:

"Mbona unaongea hivyo?"

Nahodha akatafuta. Nililijua neno, Mwenye Mkoba alilijua, jirani mwenye kiti alilijua. Hakuna aliyelisema.

"Nili... ugua. Maneno... yaka... potea."

Ndani mtoto anabembelezwa, nasikia kiganja mgongoni, taratibu.

"Yakarudi?"

"Yana... rudi." Akapumzika. "Moja... moja."

Saa sita haiko mbali. Chini mlango wa jengo umefunguliwa, kuna viatu vizito vya polisi vinaanza kupanda, na Mwenye Mkoba ameshuka mbio kuvizuia. Nahodha hajageuka. Amekaa, mkono wa kushoto ameutuliza kwenye fimbo.

Komeo la juu limefunguka. La chini bado.